Kelele Yangu Kwenye Kaseti ya Sadru

Wazee wa kizungu, wengine vipara, wengine na mkia wa nywele nyeupe mgongoni, wanagombana mtandaoni kwa sababu ya kelele yangu. Sisemi kwa mfano. Ni kelele yangu mwenyewe, iliyotoka kwenye koo hili nikiwa na miaka tisa, ndani ya ukumbi mmoja wa London uliokuwa sinema zamani. Imo kwenye kaseti. Kaseti yenyewe ilipotea miaka hamsini na kitu, sasa imeibuka, na hao wazee wanaiita hazina. Ni hazina yote, wanasema, isipokuwa mwishoni, pale ambapo mtoto mmoja asiyejulikana anaharibu kila kitu.

Asiyejulikana! Nina watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, mmoja wao daktari wa meno, na hapa Hounslow hakuna muuza bamia asiyenijua na asiyeniogopa. Shule nilisoma kidogo Mombasa, na hapa nilisoma kidogo zaidi, maana mwalimu aliniweka nyuma karibu na dirisha akanisahau. Kwa hiyo naandika nisemavyo. Asiyependa aache kusoma.

Aliyeileta kaseti hiyo nyumbani kwangu ni mjukuu wangu Alia, ndani ya simu yake. Anapenda muziki wa magitaa wa zamani, ule wa wanaume waliovaa suruali za kubana wakajikunjakunja kama wenye kuumwa na tumbo. Mimi nakanda unga wa mahamri, simu iko mezani inaunguruma. Kikundi kikamaliza, watu wakaanza kupiga miguu chini. Halafu nikasikia, mbali, nyembamba kama sindano: "Moto! Moto! Moto!"

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Rudisha," nikasema.

Alia anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote waliozaliwa hapa. Akarudisha. Akasikiliza, akaniangalia. "Nani, hicho si Kiswahili hicho?" Wajukuu huniita Nani, ndiyo bibi mzaa mama kwa lugha yetu ya Kihindi. Kwamba kwa Kiswahili nani ni swali, utani huo umechezwa ndani ya nyumba hii mpaka umechakaa.

Akanisomea waliyoandika wale wazee. Mmoja anasema ni msichana wa Kijapani. Mwingine anasema ni mwanamke anamwita mbwa wake. Wa tatu, huyo ndiye bingwa wao, ameandika maelezo marefu kwamba mtoto anasema "motor", anataja gari la mpiga gitaa. "Wote wanauliza ni nani," akasema Alia.

"Ni Nani," nikamwambia. "Waandikie."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa hajamaliza kusoma. Bwana aliyeitoa kaseti mtandaoni aliipata kwenye boksi katika nyumba ya mjomba wake aliyefariki. Ameandika kwamba mjomba ndiye aliyerekodi, kwa siri, ukumbini. Na ameandika kwamba ataisafisha kwa mashine za kisasa, amwondoe yule mtoto asisikike tena.

Mjomba wake hakurekodi. Aliyerekodi ni kaka yangu Sadru, na kelele ile ndiyo kitu pekee duniani kinachoweza kumshuhudia. Mwizi anataka kufuta alama ya mguu halafu aiite usafi.

*

Nyinyi mliokuja na masanduku kama sisi mtaijua harufu: makoti ya mitumba yaliyolowa, yananing'inia karibu na hita ya mafuta ya taa, chumba kizima kinanuka kondoo na koroboi. Tulipanga vyumba viwili Hounslow, ndege zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinatetema. Mombasa Bapa, baba yetu, alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake na mafundi watatu chini yake. Hapa alikuwa anaosha trei za chakula cha ndege. Mama alikuwa anafungasha biskuti kiwandani, zamu ya jioni. Sadru, miaka kumi na tisa, alipakia mizigo uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa mdogo wa mwisho, kazi yangu kuogopa.

Mtaa ule haukututaka. Haukuficha. Bibi wa jirani alishika pua mama akipika kitunguu. Watoto walipita dirishani wakiita "Paki! Paki!", tusi lao kwa sisi Wahindi, na mimi, mtoto wa Mombasa niliyekuwa sijawahi kulisikia neno hilo, nilidhani Paki ni mtu. Nilidhani ni bwana aliyekaa nyumba ile kabla yetu, akawaudhi majirani, akahama bila kuaga. Nilimchukia huyo Paki kwa moyo wangu wote kwa kutuachia maadui zake. Siku moja nilifungua mlango nikawaambia kwa Kiingereza changu cha vipande, "Hayuko. Amehama." Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaona nimewaweza.

Halafu wakatia tambara lililowashwa kwenye kile kitundu cha barua cha mlangoni. Bapa alilikanyaga kwa mguu mtupu, na zulia likabaki na duara jeusi kama sahani. Hakwenda popote kushtaki, alijua hana wa kumsikiliza. Alipigilia ubao juu ya kitundu, kisha akatuweka mstari, mimi na Sadru, na kutufundisha kama askari.

"Mkiona moto, msiulize, msitafute viatu. Pigeni kelele neno moja tu: moto! Kwa Kiswahili. Kihindi wanacho wengine mtaa huu, Kiingereza ni cha kila mtu. Nikisikia moto kwa Kiswahili, najua ni mtoto wangu. Na mwenye kusikia aache alichoshika, aje. Hata akiwa ameshika chakula. Umesikia, Sadru?"

"Nimesikia, Bapa."

"Guli?"

"Nimesikia."

Nililala na viatu mwaka ule wote.

Sadru alijinunulia redio kaseti, ukubwa wa kopo la biskuti, yenye mshipi na kipaza sauti cha waya. Aliipenda kupita kiasi. Kulikuwa na kikundi cha wazungu wanne alichokuwa akikisikiliza sikio limegandana na redio, kwa sababu Bapa hakutaka kelele zile ndani. Nilimuuliza wanaimba nini. Akasema, "Sijui. Lakini gitaa lile linamtukana msimamizi wangu, na yeye hawezi kulifukuza kazi."

Kikundi kikaja London. Sadru akakata tiketi, akapania kurekodi. Mlangoni walinzi walikuwa wakiwapekua vijana, anayekutwa na mashine ananyang'anywa. Jioni hiyo wazazi wote wawili walikuwa kazini, na baada ya lile tambara sikuachwa peke yangu. Kwa hiyo alinichukua. Msidhani ni mapenzi. Alinifanya punda. Aliifunga redio tumboni mwangu kwa leso ya mama, ile nyekundu ya korosho, akanivisha koti juu yake, akanitia pamba masikioni.

"Tembea vizuri, bwana," akaninong'oneza kwenye foleni. "Watembea kama mja mzito."

"Ni baridi, bhai. Yaniuma." Bhai ndiyo kaka, kwa lugha ya kwetu.

"Vumilia. Sema Kiswahili tu, hawa hawajui."

Mlinzi alimpapasa Sadru kwapa mpaka soksi. Mimi alinitazama, akasema kitu kwa mwenzake, wakacheka, nikapita. Punda kafika.

Ndani nilichukia kila kitu, na leo bado nakichukia. Harufu ya nywele mbichi na bia. Moshi mtamu uliokwaruza koo. Kiti kilichonata. Ule muziki haukuingia masikioni, ulinipiga kifuani kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Sadru alichukua redio yake, akaiweka mapajani chini ya koti, kipaza sauti kikichungulia kolani. Alikaa kimya, bila kupiga makofi, bila kukohoa. Ndiyo maana wale wazee wanasifu sana. Wanaandika, aliyerekodi alikuwa mtulivu kama jiwe. Mtoto wa Bapa, kwani wadhani nini? Tulizoea kukaa kimya.

Kikundi kikamaliza, kikatoka. Taa hazikuwashwa. Watu wote wakasimama, wakaanza kupiga miguu, na wengi wakakimbilia mbele. Sadru akainama sikioni kwangu. "Guli, kaa hapa hapa. Usiondoke. Naenda mbele kidogo." Akaenda, na mashine yake.

Giza. Migongo mitupu. Halafu nikaona kijimoto kimoja. Kikawa viwili. Vikawa kumi, mia, ukumbi mzima, kila mkono umeshika kiberiti kilichowashwa, nyuso zao za chungwa, vinywa wazi, wakiita kwa pamoja. Leo najua walikuwa wakidai wimbo mwingine, wakisema "more, more". Lakini mimi nilikuwa na pamba masikioni na duara jeusi kichwani, na nilichosikia ni "mo! mo! mo!" Nikajua. Ni wale wale wa mtaani, wamekuja wote pamoja safari hii, wanasema wenyewe watakachofanya.

Nikapanda juu ya kiti nikafanya kama Bapa alivyonifundisha. Niliita mpaka nikaona nyota. "Moto! Moto! Moto!"

Hakuna aliyekimbia. Wakageuka wakacheka. Mwanamume mmoja mwenye ndevu akadhani nashangilia, akainua kiberiti chake kunipongeza, akaanza naye: "Moto! Moto!" Na sauti yake imo, sikilizeni vizuri mtaisikia, mlevi yule akiita moto kwa Kiswahili kibaya. Kisha mkono ukanishika kiunoni kwa nyuma. Alikuwa mlinzi. Alinibeba kama gunia huku napiga mateke, muziki ukianza tena nyuma yetu, akanipitisha mlango wa pembeni, akanisimamisha kwenye ngazi za nje, akafunga. Mlango ule kwa nje haukuwa na kitasa.

Nilisimama pale na leso ya mama ikining'inia chini ya koti. Wakapita wasichana wawili na mvulana. Wakaniita jina lile. Nikawaambia, "Hayuko. Amehama." Mmoja akanitemea mate, yakashuka polepole kwenye koti kuanzia begani. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa Paki ni nani.

Sadru alitoka muziki ukiwa umekwisha, watu wametawanyika. Koti lake limechanika bega, magoti yamejaa uchafu. Redio ameikumbatia kifuani, haina hata mkwaruzo. Hicho ndicho nilichokiona: haina hata mkwaruzo.

"Nilikwambia usiondoke!" akanifokea. "Nilikwambia nini? Una wazimu?"

Sikumjibu. Kwenye basi sikumjibu. Nyumbani Bapa akaona mate kwenye koti langu, yamekauka meupe. "Nini hiki?"

Nikasema sentensi moja. "Bhai aliniacha gizani akafuata muziki."

Bapa hakuwa mtu wa kupiga. Aliingia chumbani, akalitoa sanduku la Sadru, lile la kutoka Mombasa, akaliweka mlangoni. "Chukua mashine yako ukaishi nayo."

Sadru akanitazama mimi. Si Bapa. Mimi. Alikuwa akingoja niongeze neno, nami nilikuwa naona lile sanduku na naona raha, acha niseme ukweli, niliona raha. Sikuongeza.

Akaenda kupanga chumba kwa mzungu mmoja mtu mzima waliyepakia naye mizigo. Ndiye huyo mjomba wa yule bwana wa kaseti. Baadaye Sadru akahamia Tooting, akaoa, akafungua duka la vitambaa, na ile kaseti ikabaki kwenye boksi la mwenye nyumba. Mimi na Sadru tukawa watu wa harusi na matanga. Salaam alaikum, alaikum salaam, watoto hawajambo, basi. Bapa alipofariki tulisimama pande mbili za jeneza kama wageni wanaongoja basi. Nilimwekea kinyongo hicho kikavu, nikakitunza kuliko dhahabu ya mama.

*

Nilimwambia Alia apige tena, mpaka mwisho. Akanivalisha vile vya masikioni, akapandisha sauti. Kelele yangu. Mlevi. Gitaa likaanza, watu wakalia kwa furaha. Na hapo, karibu kabisa, karibu kama mtu ameweka mdomo kwenye mto wangu, sauti ya kijana: "Moto?" Kimya kidogo. Halafu kwa nguvu: "Guli! Guli, kaa papo hapo, naja!"

Halafu *ka*. Basi. Kaseti imekwisha.

Alia akaniambia wale wazee wanalia juu ya hiyo *ka*. Eti wimbo ule kikundi kiliupiga mbele ya watu siku ile tu, hakikuurudia tena maishani, na rekodi iliyopo ni nusu beti. Wanasema betri zilikufa. Betri! Betri zilikuwa mpya, nilizipasha joto kwa tumbo langu kutoka Hounslow. Betri hazikufa. Ni kidole. Kijana aliyekaa kama jiwe jioni nzima asikose hata noti moja, aliposikia neno la Bapa, aliacha alichoshika.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Mahamri yale hayakuliwa siku ile.

Kwanza nikamshughulikia yule bwana. Nilimwamuru Alia aandike: huyo mtoto ni Guli, yu hai, na ana hasira. Anayemjibu ni kaka yake Sadru, ndiye mwenye kaseti. Ukifuta sekunde moja nakuja mwenyewe mlangoni kwako, na kifimbo cha kusukumia chapati. Alia akapunguza makali, najua, nilimwona akifuta maneno. Bwana akajibu kwa adabu. Ameliondoa jina la mjomba wake, na mtoto hamgusi. Jina la Sadru aliliandika vibaya, ikabidi tumrekebishe mara mbili.

Kisha tukapanda treni ya chini ya ardhi kwenda Tooting.

Sadru anakaa juu ya duka lake la zamani, sasa linauza simu, mkewe amefariki, masikio yamekwisha kwa zile ndege. Alifungua mlango akaniona, akatazama nyuma yangu kama anayetafuta maiti.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tupishe."

"Wataka nini, Guli?"

"Kaa chini. Vaa kifaa chako cha masikio vizuri."

"Nimekivaa!"

"Basi kiwashe!"

Alia akamwekea. Alisikia kelele yangu. Akasikia sauti yake mwenyewe. Akasikia *ka*.

"Hapo nilizima," akasema.

"Nimesikia kuwa ulizima! Mbona hukusema? Bapa alipoweka sanduku mlangoni, mbona hukusema ulizima?"

"Niseme nini? Nilirudi kwenye kiti, wewe hupo. Nilikwambia usiondoke, ukaondoka."

"Sikuondoka! Nilibebwa! Mlinzi alinibeba kama gunia la viazi akanitupa nje!"

Sadru akanitazama. "Ulibebwa?"

"Kwani nilikuwa na mabawa?"

"Hukusema ulibebwa. Ulisema nilikuacha."

"Hukuniuliza!"

"Na wewe hukuniuliza!"

Tulikuwa tunapiga kelele mpaka mwenye duka la simu chini akagonga dari yake. Alia alikuwa amejibanza karibu na jokofu, macho makubwa. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kumgombeza mtu huyu, na maneno yote niliyoyabeba yakawa hayana pa kumpata. Nikasonya. Nikakaa. Nikamwambia watu wanaulilia ule wimbo, wazee wazima wanalia, kwa sababu hakuna mwenye mwisho wake. Yeye alikuwa ukumbini. Ulikwishaje?

"Sijui," akasema Sadru.

"Hujui vipi? Ulikuwamo ndani mpaka watu wakatoka."

"Nilikuwa chini ya viti," akasema, "nakutafuta."